Sikia Kabla Hujaona: Nyoka-Msumeno wa Kaskazini

Makomredi, orodha ya mazoezi ya kufundisha ikibandikwa na ukute jina lako limepelekwa Marsabit, Turkana, Samburu au Isiolo, jioni hiyo hosteli utaulizwa maswali matatu. Maji yako? Mtandao unashika? Na nyoka je? Mawili ya kwanza utajibiwa na waliokutangulia. Hilo la tatu nimeona niliandikie, kwa sababu majibu yanayozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp yanatisha tu, hayasaidii. Mtu anatuma picha ya nyoka aliyepondwa kichwa, anauliza "huyu ni nani?", na kabla chai haijapoa ameshapata majibu kumi na mawili: kifutu, koboko, swila, mtoto wa chatu, na yule komredi ambaye hakosekani, "shetani huyo, choma."

Mimi niko mwaka wa nne, Elimu, Kiswahili na Jiografia. Muhula wangu wa kufundisha niliufanyia katika shule moja ya sekondari ya bweni kaunti ya Marsabit, kule chini kwenye tambarare zinazoelekea jangwa la Chalbi. Si mtaalamu wa nyoka. Nimesoma nilichoweza kusoma, nimeuliza wanaoishi naye, na nimemwona mara kadhaa, si mbali sana na kitanda changu. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba ukitafuta kumjua nyoka huyu kwa rangi utapotea. Mjue kwa anavyokaa, anavyosikika na anavyotembea.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Kiswahili kina majina mazuri ya nyoka wa nchi zile ambako chenyewe kilizaliwa na kukulia: chatu, swila, koboko, ukukwi, kifutu ambaye wengine humwita bafe au moma. Sasa panda basi, pita mji wa Isiolo, acha nchi ya kijani nyuma yako. Huko kuna nyoka mdogo, mwingi mno, ambaye sijawahi kusikia jina lake la Kiswahili ambalo ukilitaja darasani wote wataelewa. Kila jamii ya huko ina lake, lakini sisi tuliotoka chini humwita "kifutu mdogo" au "mtoto wa kifutu", basi. Wanasayansi humwita Echis pyramidum. Hilo neno la pili ni piramidi zilezile za Misri, kwa kuwa nyoka aliyepewa jina hilo mwaka 1827 alikuwa wa Misri. Jamaa zake wametapakaa Sudan, Ethiopia, Somalia, hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu kule Yemen. Katika makala hii nitamwita nyoka-msumeno, na sababu mtaiona. Mwenye jina bora alilete, idara ya Kiswahili iko palepale.

Na msidhani jina ni urembo. Pwani yetu kuna swila mkubwa wa kahawia anayetema mate ya sumu, wengine hupita mita mbili. Kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kuwa ni swila yule mwenye shingo nyeusi, ila amebadilika rangi. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu, alishikilia kwamba huyu ni mwingine kabisa. Mwaka 2007 ndipo wanasayansi walipomtenga na kumpa jina, Naja ashei, kwa heshima ya mzee huyo ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Swila mwenye urefu wa mlango, anayeishi karibu na hoteli za watalii, na hatukuwa na jina lake hadi juzi! Sembuse kijinyoka cha urefu wa rula mbili kinacholala chini ya jiwe huko Chalbi.

Naam, ni mdogo. Wengi wako kati ya sentimita 30 na 60, na hilo ndilo la kwanza linalowadanganya wageni. Mwili umejaa kidogo, shingo nyembamba, kichwa kifupi kama peasi, macho makubwa yamekaa karibu na pua. Rangi hufuata udongo: kwenye mchanga mwekundu ana wekundu, kwenye changarawe ya kijivu ana kijivu, mahali pengine kahawia hafifu kama chai ya maziwa. Mgongoni ana msururu wa madoa mepesi yenye kingo nyeusi, na ubavuni kuna mfano wa nusu-duara zinazofuatana. Ukimtazama juu ya zulia la kizamani huenda usimwone, na kweli Waingereza walimpa jina la zulia. Lakini nimeshasema rangi haitoshi. Kifutu mchanga ana madoa. Yule nyoka mnene asiye na sumu anayejifukia mchangani, ambaye Wamarekani humfuga majumbani na kumwita kwa jina la Kenya, naye ana madoa ya kahawia na machungwa. Wanafunzi wangu waliwahi kuniletea mmoja kwenye ndoo wakiwa wamejaa hofu. Mkia wake butu kama kidole gumba, macho madogo yameketi juu ya kichwa, magamba laini yanang'aa. Huyo hana habari na mtu. Anachotaka ni kuachwa mchangani mwake asubiri panya.

Sasa sauti.

Usiku wangu wa tatu nilikuwa natoka chumba cha walimu kwenda nyumbani kwangu, simu mkononi, tochi ya simu imewaka lakini macho yangu yako kwenye meseji. Mlinzi wa shule, mzee mmoja mwenye koti la kijeshi hata joto likiwa limezidi, alikuwa mbele yangu hatua chache. Akanyosha fimbo kunizuia.

"Mwalimu, simama hapo."

Nikasimama. Nikaanza kumulika huku na kule.

"Usitafute na macho. Sikia kwanza."

Nikasikia. Mnajua mlio wa kitunguu kikitupwa ndani ya mafuta yaliyopata moto? Ule ule, ila mkavu zaidi, na haukatiki. Hauna pumzi ndani yake. Kifutu hufoka, anavuta hewa na kuitoa kwa nguvu, unasikia kabisa kuna mapafu pale. Huyu hapulizi. Mzee alielekeza tochi yake chini, pembeni mwa ngazi, na hapo nikamwona: amejikunja mikunjo kama herufi C kadhaa zilizopangwa moja ndani ya nyingine, na mikunjo hiyo inasuguana, huu ukienda mbele ule ukirudi nyuma, mfululizo, kichwa kimetulia katikati kama mtu anayekusubiri umalize kusema.

Magamba ya ubavuni mwake yamelala mshazari, na kila moja lina ukingo wenye meno madogo kama ya msumeno. Mikunjo ikipitana, meno hayo hukwaruzana, na mkwaruzo huo ndio mlio. Kwa nini asipulize tu kama wenzake? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kijiografia, na mimi kama mwanafunzi wa Jiografia nimeyapenda: kila pumzi inayotoka hutoka na unyevu, na kiumbe anayeishi mahali ambako mvua ni tukio la kusimuliwa hawezi kumwaga maji ovyo kwa sababu ya kutisha mtu. Kwa hiyo anatisha kwa ngozi. Mlio ule ni onyo. Anakwambia yuko pale na hataki ukaribie. Tulirudi nyuma hatua nne, mlio ukapungua, kisha ukakoma. Alipoona tumempa nafasi akaondoka zake chini ya mawe.

Hapo ningependa niseme: basi, ukisikia mlio huo umemtambua. Bahati mbaya jangwa lina utani wake. Kuna nyoka mwingine, mla mayai, ambaye hana sumu yoyote na meno yake karibu hayapo, kwa sababu maisha yake yote hali kitu kingine isipokuwa mayai ya ndege. Hulimeza yai zima, kubwa kuliko kichwa chake mara kadhaa. Likifika kooni, ncha za pingili za uti wa mgongo zinazochomoza kwa ndani hulipasua, uteute unashuka tumboni, na ganda analitema likiwa limekunjika vizuri. Kiumbe asiye na silaha namna hiyo afanye nini akivamiwa? Anaigiza. Anajikunja C zilezile, anasugua magamba yake ambayo nayo yana meno ya msumeno, mlio uleule unatoka. Anatandaza kichwa kiwe kama cha pembetatu. Anafungua kinywa cheusi ndani na kurusha kichwa kama anayeuma.

Kwa hiyo zile kanuni mbili zinazosambazwa kila mwaka, kwamba nyoka wa sumu ana kichwa cha pembetatu na mboni ya jicho iliyosimama kama ya paka, hapa zinaanguka zote. Mla mayai hutandaza kichwa akitaka, na mboni yake imesimama vilevile. Na upande wa pili koboko na swila, ambao sumu yao haina mzaha, wana mboni za mviringo na vichwa vyembamba tu. Mimi ningezifuta kanuni hizo kwenye kila simu. Mtu aliyezoea anaweza kuwatofautisha hawa wawili kwa wembamba wa mwili na udogo wa kichwa cha mla mayai. Wewe mwenye wiki tatu usijaribu. Kwako wewe, mlio ule una maana moja: rudi nyuma. Ikiwa alikuwa mwigizaji, basi igizo limefaulu na hakuna aliyeumia, wala yeye.

Dalili ya tatu utaisoma asubuhi, yeye akiwa amekwisha lala. Nyoka wengi wakitambaa huacha mstari mmoja uliopindapinda. Nyoka-msumeno akiwa juu ya mchanga mlegevu huenda upande. Huinua sehemu ya mwili, huitupa mbele kwa mshazari, huitua, kisha huivutia iliyobaki, hivi kwamba kila wakati ni sehemu chache tu zinazogusa chini. Mchanga mlegevu humponyoka anayesukuma kwa kutambaa, lakini haumponyoki anayeweka hatua na kuinua. Alama anazoacha ni mistari mifupi iliyolala sambamba, kila mmoja peke yake, kama vile mtu ameegesha fimbo, akaiinua, akaiegesha tena mbele kidogo. Wanafunzi wa kule wanazijua tangu utotoni. Kila asubuhi, kabla ya gwaride, walikuwa wanazisoma uwanjani kama sisi tunavyosoma matangazo ya ubaoni: alitoka kwenye kuni za jikoni, akazunguka tangi la maji, akaingia kwenye rundo la matofali. Aliyetaka tofali siku hiyo alikwenda na fimbo ndefu.

Na ukiangalia ramani hiyo ya mchangani utaelewa maisha yake yote. Mchana amejificha: chini ya jiwe, ndani ya shina lililooza, kwenye shimo la panya, au amejifukia mchangani kichwa tu kikiwa juu. Jua likizama anatoka. Chakula chake hakichagui: nge, tandu, mijusi, panya, vyura mvua ikinyesha, hata nyoka wadogo. Mara nyingi hafukuzii chakula, anakaa pembeni mwa njia na kungoja kipite. Hapo ndipo tunapogongana naye, maana sisi pia tuna njia. Kutoka bwenini hadi chooni kuna njia. Kutoka jikoni hadi kwenye kuni kuna njia. Nyoka aliyelala pembeni akisubiri panya hakuja kwa ajili yako, ila anajiamini kwamba rangi yake imemficha, kwa hiyo hakimbii ukikaribia kama ambavyo nyoka wengine wangekimbia. Unamkanyaga. Na huyu akikanyagwa huuma upesi kuliko unavyoweza kuinua mguu. Hadithi za nyoka kumkimbiza mtu kilomita nzima nimezisikia nyingi, hasa kwa watu waliokuwa wanakimbia wakati huo na hawakugeuka kutazama.

Wingi wake nao uingizwe kwenye hesabu. Wakamataji wa nyoka waliofanya kazi eneo la kilima cha Moille, huko huko kaskazini, walikusanya maelfu ya nyoka hawa kwa miezi michache tu. Ukiweka pamoja wingi, udogo, rangi ya kujificha, kutokimbia na watu wanaotembea usiku na ndara, utaelewa kwa nini wataalamu wengi huamini kwamba ukoo huu wa Echis, kuanzia Afrika Magharibi hadi India, unaua watu wengi kuliko ukoo wowote mwingine wa nyoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kwa mwaka nyoka wote kwa jumla huua watu kati ya 81,000 na 138,000, na mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Neno hilo "yaliyosahauliwa" lina maana yake. Wanaoumwa ni wachungaji, wakulima na watoto wa shule, na watu hao hawana wa kuwapigia kelele bungeni.

Sasa sumu yenyewe, na hapa nawaomba msiruke. Sumu ya koboko hushika neva, mtu anaishiwa pumzi. Ya nyoka-msumeno hushika damu. Damu yetu ina malighafi ya kugandia, imetunzwa kwa ajili ya siku ya jeraha. Ndani ya sumu hii kuna protini inayoamrisha damu igande, igande, igande, vijidonge vidogo visivyo na faida, mahali pasipo na jeraha. Ni kama komredi aliyepata pesa za HELB Jumatatu akazimaliza Ijumaa kwa vitu vidogovidogo. Likija jambo la maana, mfuko mtupu. Malighafi ikiisha damu inabaki maji. Mtu anaanza kutoka damu kwenye fizi, kwenye kidonda cha zamani, kwenye mkojo, na kibaya zaidi ndani ya tumbo au kichwani ambako humwoni. Hayo yanaweza kuja baada ya saa kadhaa, au hata siku, wakati mguu umevimba kidogo tu na mgonjwa anacheka na wenzake. (Maabara zimejifunza kutumia protini hiyohiyo katika kupima damu, na kuna dawa ya moyo, tirofiban, iliyobuniwa kwa kuiga kitu kilichopatikana kwenye sumu ya ndugu yake wa Asia. Dunia ina mambo.)

Mvulana wa kidato cha pili aliumwa mguuni wiki yangu ya sita, saa moja unusu usiku, njiani kwenda chooni. Alikuwa na akala miguuni, lakini akala hazifuniki kifundo. Alikuja mwenyewe akichechemea, akasema "mwalimu, nimeumwa" kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Wenzake watatu walikuwa tayari wamechukua fimbo kumfuata nyoka gizani. Mwingine alikuwa na wembe. Mpishi alikuwa ameanza kufungua kitambaa chenye lile jiwe jeusi la kunyonya sumu, ambalo kwa kweli ni mfupa uliochomwa, na halinyonyi kitu.

Tulimlaza, tukamwambia asitembee tena, mguu ukafungwa kwa ubao ili usichezechezwe, bila kukaza kamba. Kukaza kamba hakuzuii sumu ya namna hii, kunaua nyama ya mguu tu. Kukata kwa wembe ni kumfungulia bomba mtu ambaye damu yake karibu itakataa kuganda. Hata dawa za maumivu kuna za kuepuka: aspirini na jamii yake huongeza kutoka damu, paracetamol haina shida hiyo. Kisha boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika, hadi zahanati.

Sista wa zahanati alimtazama, akatazama mguu, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwalimu, huko maabara yenu mna neli za kioo mpya, ambazo hazijawahi kuoshwa kwa sabuni? Zangu zimeisha." Mwenye boda alirudi shuleni, akaja na pakiti. Sista akavuta damu kidogo, mililita mbili, akaitia ndani ya neli, akaisimamisha mezani na kutazama saa. "Dakika ishirini. Asiiguse mtu."

Kipimo ni hicho tu. Kioo chenyewe huiamsha damu igande, ndiyo maana plastiki haifai, na ndiyo maana neli iliyooshwa kwa sabuni inaweza kudanganya. Baada ya dakika 20 unaiinamisha mara moja. Damu nzima itakuwa imeshikana chini kama uji uliopoa. Sijawahi kukaa dakika 20 ndefu kama zile, hata kwenye chumba cha mtihani. Kijana alikuwa ananiuliza kama insha zao nimezisahihisha. Sista akainamisha neli, na damu ikatiririka hadi mdomoni mwa neli kama chai.

Akapiga simu ya gari la wagonjwa hapohapo. Hakuuliza nyoka alikuwa na rangi gani.

Hili ndilo ningependa walimu wenzangu walielewe. Kumtambua nyoka ni kazi ya kabla ya kuumwa. Baada ya kuumwa usimtume mtoto gizani akalete nyoka. Utapata wagonjwa wawili. Ukiwa tayari umeona au kusikia kitu, mwambie daktari: alikuwa mdogo, amejikunja, analia kama kikaango. Picha ya simu iliyopigwa kwa mbali pia inafaa. Lakini damu yenyewe itasema, na ikiwa mara ya kwanza imeganda hurudiwa baada ya saa sita, kwa sababu sumu hii ina subira.

Na kwa nini daktari ahitaji kujua ni nyoka wa aina gani? Kwa sababu dawa ya kukabili sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogokidogo hadi mwili wake utengeneze kingamwili, na kingamwili hizo hutambua sumu ya nyoka aliyetumika. Afrika Kusini hutengeneza dawa inayojulikana sana, inayofaa kwa kifutu, swila na koboko kwa pamoja, lakini nyoka-msumeno hayumo. Yake hutengenezwa kando. Ghana waliwahi kuleta dawa iliyotengenezwa nje ya Afrika kwa sumu ya nyoka wa ukoo huuhuu lakini wa Asia, na vifo vya walioumwa vikapanda. Kwa hiyo hospitali inaweza kuwa na jokofu limejaa chupa na bado isiwe na dawa yako. Jokofu lenyewe ni suala: dawa nyingi za maji huhitaji nyuzi kati ya 2 na 8, na kule joto la mchana hupita 35 wakati umeme umepotea. Ile ya unga huvumilia zaidi.

Yule kijana alikuta dawa inayofaa. Neli ya pili, usiku wa manane, ilikuwa bado maji. Ya asubuhi ikaanza kushikana. Alirudi shuleni baada ya siku kumi na moja, mguu umechubuka ngozi, na insha yake nilikuwa sijaisahihisha.

Kwa mnaoondoka muhula ujao, vichache vya kubeba kichwani. Wiki ya kwanza, muulize mwalimu mkuu au sista hospitali ipi ina dawa ya nyoka-msumeno, kwa aina, siyo "mna dawa ya nyoka?" Jibu la swali hilo la pili huwa ni ndiyo kila mahali. Chukua namba ya simu ya mwenye boda anayelala karibu. Ikiwa unafundisha sayansi, tenga neli za kioo mpya, andika juu yake zisioshwe. Nunua tochi ya mkono, ya simu inamulika vidole vyako tu. Usiku vaa viatu vya kufunika kifundo, na vikung'ute kabla ya kuvivaa. Kuni na matofali yasirundikwe ukutani mwa bweni. Na kama unalala chini kwa sababu ya joto, kama tulivyofanya sote Februari, chomeka neti ya mbu chini ya godoro pande zote nne, maana panya hupita hapo usiku, na anayemfuata panya hupita nyuma yake.